Sahani ya Mama Adrienne

Makala ya kupikia yaliisha bukari, ugali wetu, ikiwa bado kwenye moto, ndiyo nikatoka kumutafuta mutoto wangu Martine nimutume kununua mengine. Jua lilikuwa linazama nyuma ya usine, kiwanda chetu. Sirene ya posti ya jioni, zamu ya kazi, ilikuwa imekwisha kulia. Ilikuwa miaka ya Zaire. Shuleni majina ya ubatizo yalikatazwa, lakini mutoto niliyemuzaa minye mwenyewe nilimwita nilivyotaka.

Nilijua yuko wapi. Michel, monitere wa michezo wa kambi yetu ya wafanyakazi, alikuwa amewaletea watoto muchezo mupya: unarusha disiki ya plastiki mpaka iingie katika kitunga kilichofungwa juu ya muti. Sharti ni moja. Pale disiki inapoanguka, ndipo unasimama kurusha tena. Disiki ya Martine ilipopasuka, monitere alimwambia angoje nyingine. Martine hajui kungoja. Amenifanana.

Nilimukuta peke yake kiwanjani. Kitunga kilikuwa nyuma yake, mbali sana.

Alikuwa ameelekeza uso kwenye majani marefu, upande wa makaburi.

Akarusha. Kitu cheupe kikazunguka hewani, kikaingia majanini. Nikangoja kisikike kikianguka...

Hakikuanguka.

Kisha majani yakafanya shwaa. Kitu kikarudi, chini chini, polepole, kikalala hatua tano mbele ya mutoto. Akaenda kusimama pale pale, akakiokota. Ndipo nikaona ukingo wa bluu.

Sahani ile ya chuma niliijua. Ilikuwa ya mama mukwe wangu, Adrienne, aliyekufa mwezi wa ine. Kwetu sahani ya marehemu inatobolewa kwa musumari na kuwekwa juu ya kaburi, ili iwe yake na walio hai wasiitamani. Minye niliitamani. Nilitoboa sahani yangu mbovu, iliyobanduka rangi, nikaipeleka kaburini. Ile nzuri nikaificha chini ya vitenge, na sasa mutoto ameivumbua. Bwana yangu Constantin hakuona kitu. Wanaume hawaangalii sahani, wanaangalia kilicho ndani.

"Ni nani anakurudishia?" nikanong'ona.

"Ni kambo." Ndivyo alivyomwita bibi yake. Hata hakugeuka. "Leo siku ya tatu. Lakini kambo hana nguvu, Mama. Sahani haifike kwangu. Kila mara nasogea."

Zilibaki hatua kumi mpaka majanini. Harufu ikanijia... samaki mukavu wa ziwa Tshangalele. Marehemu alimupenda kuliko nyama.

Nikamunyang'anya sahani. Ilikuwa baridi, tena ina mafuta, kama muntu ametoka kula ndani yake sasa hivi.

"Enda nyumbani. Usiangalie nyuma."

"Mama, ni zamu yangu."

"Sasa ni yangu."

Aliondoka akinung'unika. Majani yakatulia kabisa, hata chenene wakanyamaza.

"Mama mukwe," nikasema, "minye njo niliibeba, si mwingine. Mutoto hajue kitu. Kamata sahani yako, umuache."

Nikairusha kama unavyomwaga maji machafu.

Haikurudi.

Ila nikasikia, chini ya majani... chini kabisa...

Ko. Ko. Ko.

Musumari juu ya chuma.

Asubuhi nilimwambia Constantin yote. Alinitukana njia nzima, na alikuwa na haki. Juu ya kaburi la mama yake tulikuta sahani ya ukingo wa bluu imewekwa vizuri, ina tundu katikati. Akasema ni mulinzi wa makaburi aliyeiokota na kuitoboa. Mulinzi akaapa kwamba hakuigusa. Minye nikapitisha kidole. Ukipiga musumari kutoka juu, meno ya tundu yanatokea chini. Haya yalitokea juu. Yakanikata.

Sahani yangu mbovu haikuwa pale.

Tuliikuta nyumbani, mezani, mahali pangu, imeoshwa. Martine alisema hakuiweka yeye, na mutoto huyo hakujua kusema uongo. Hilo hakulitoa kwangu.

Leo Martine mwenyewe ni kambo, na Constantin amekwisha kumufuata mama yake. Sahani ile mbovu ningali nayo. Nimeirusha mara mbili, mbali, kwa nguvu zangu zote. Mara ya kwanza ilirudi mlangoni. Mara ya pili, kando ya kitanda changu.

Sharti la muchezo nalijua: pale inapoanguka, ndipo anasimama. Ya tatu siirushi.

Siku yangu ikifika, wasisumbuke kutafuta musumari. Tundu liko tayari.