Pompe ya Cirhuza

Mvua ya Bukavu haibishi hodi. Ilimkuta Charlène katikati ya soko la Kadutu, amevaa kikwembe kipya cha kijani chenye maua ya manjano, ikamsukuma chini ya bati la duka la vifaa vya maji, tuyo za plastiki na robine. Nyuma ya meza alisimama kijana mrefu aitwaye Cirhuza, shati lake jeupe limepigwa pasi kupita hadhi ya duka lenyewe.

"Maman, unatafuta tuyo, ao unakimbia mvua?"

"Vyote viwili, papa. Natafuta vyombo vya kulimia saladi mu nyumba, bila udongo. Niliona mu telefone."

"Ulishalima vile siku moja?"

"Hapana. Njo naanza."

Hakuwa na mzaha. Shamba lao dogo nyuma ya nyumba, kule Muhungu, lilikuwa limeporomoka na mvua za Novemba. Mama yake, maman Rosette, alikuwa amempa chumba cha marehemu baba, chenye dirisha kubwa, akampa na siku: saladi ikiliwa mezani Pasaka, chumba ni chake. Isipoliwa, kaka yake Dany ataoa na kumwingiza mkewe humo, na Charlène atakwenda kukaa kwa shangazi Agathe, Nyantende. Yote hayo alimweleza Cirhuza kabla mvua haijakatika. Charlène ndivyo alivyo, ukimpa kiti anakupa na moyo.

"Ziko namna tatu," Cirhuza alisema. "Ya kwanza ni ya utambi. Beseni ya maji iko chini, kikopo cha saladi iko juu, utambi unavuta maji sawa vile mu taa ya petroli. Ya pili, saladi inaelea juu ya maji. Ya tatu ni ya tuyo, pompe inazungusha maji saa zote."

"Mutu mwenye kuanza anachukua gani?"

Cirhuza alilijua jibu kama anavyolijua jina lake. Mji wenye umeme wa kubahatisha, mtu anayejifunza, siku za kuhesabu: utambi, basi. Lakini utambi ukishafungwa haumtaki fundi tena, na macho ya msichana huyu alitaka kuyaona kesho na keshokutwa.

"Ya pompe," alisema. "Njo ya kisasa. Ikileta shida unaniita tu."

Na shida zilikuja kwa zamu. Mara tuyo linavuja, mara mizizi imeziba mdomo wa pompe, mara pompe inaimba kama mbu. Kila mara Charlène alipiga simu, na kila mara Cirhuza alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Allô, docteur. Mugonjwa wako amelala tena."

"Mugonjwa gani, pompe ao weye?"

"Kuya uangalie mwenyewe."

Alikuja na sanduku la vyombo, akinukia sabuni, akapita mlango wa jikoni kama wapitavyo mafundi wote. Wiki ya tatu walikuwa wanaitana chérie. Wiki ya tano Cirhuza alimlisha jani la kwanza la saladi, dogo na laini, akamwambia anampenda, na Charlène akacheka hadi machozi, kwa kuwa na yeye alikuwa anampenda kupita kiasi.

Maman Rosette hakucheka. "Mutoto yangu," alimwambia bintiye, "fundi anapita jikoni. Mukwe anapita salon, pamoja na batonton yake, wazee wa jamaa, na pombe ya kasiksi. Huyu anapita wapi?"

"Atakuya, maman. Umupe wakati."

Siku kumi kabla ya Pasaka, Cirhuza alikwenda Bunyakiri kwenye matanga ya mjomba wake. Asubuhi iliyofuata umeme ulikatika, pompe ikanyamaza, maji yakateremka yote kutoka kwenye tuyo na kuacha mizizi mikavu. Charlène alipiga simu mara thelathini. Bunyakiri hakukuwa na mtandao. Alimimina maji kwa kikombe mchana kutwa, tuyo moja hadi nyingine, mgongo ukimwuma. Siku ya pili majani yalilala. Siku ya tatu umeme ulirudi, pompe ikaanza kuimba, ikizinywesha saladi zilizokwisha kufa.

Jumapili ya Matawi, walipotoka kanisani, jirani yake Georgette alimpa pole na fungu la saladi mbichi, za kijani kabisa.

"Hizi umezipata wapi?" Charlène aliuliza.

"Kwangu. Ziko mu beseni, na utambi. Ata umeme ukatike mwezi, hazijue. Mimi nilitaka pompe, Cirhuza akanikatalia. Aliniambia mutu mwenye kuanza asiguse pompe."

"Alikuambia lini?"

"Mbele ya Noël, mu Desemba."

Charlène alizishika zile saladi mikononi, asijue azipeleke wapi. Yeye alikuwa amenunua pompe Januari.

Cirhuza alirudi Jumanne na sanduku lake la vyombo. Alimkuta Charlène ukumbini. Nyuma yake, Dany alikuwa anatoa tuyo nje ili kitanda kipite.

"Chérie, nimesikia. Tuanze upya, nitakuletea—"

"Ulijua?"

Cirhuza aliweka sanduku sakafuni. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

"Nilijua," alisema. "Lakini ningekupa utambi, ningerudi hapa juu ya sababu gani?"

"Ungerudi juu yangu." Charlène aliunyooshea mkono mlango wa chumba. "Nilikuambia chumba hiki kiko na siku. Nilikuambia siku ile ya kwanza, Cirhuza."

"Nitaleta batonton. Jumapili, na kasiksi."

"Uliwaacha wapi siku zote hizi?"

Cirhuza aliokota sanduku lake. Aliondoka kwa mlango wa jikoni, kwa mazoea, na Charlène akalia mpaka kikwembe kikalowa, maana bado alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Baada ya Pasaka mke wa Dany aliingia. Asubuhi ya safari ya Nyantende, Charlène, katika kikwembe kile kile cha kijani, alisimama Kadutu mbele ya meza ya Cirhuza.

"Nataka utambi. Mita mbili."

Cirhuza aliupima. "Nitakuya Nyantende kukufungia?"

"Georgette amenionyesha. Hii haitafute fundi."

Alimkatia mita tatu. Charlène alilipa, akaupima tena kwa mkono wake, akachukua mkasi uliokuwa mezani na kukata ile mita ya ziada. Aliiacha pale mbele yake, akatoka.