Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Nyumba ilinuka mvua, na kijiji cha Al Qabil, huku Oman, hakikuwa kimeona tone tangu mwezi wa pili.

Ghalia alisimama mlangoni na mifuko ya samaki mikononi, akavuta pumzi. Ilikuwa harufu ile ya vumbi linapoanza kurowa. Akatazama dari la magogo ya mitende, akatazama sakafu. Kukavu. Nje jua la saa tisa bado linachoma utosi, hata kivuli cha ukuta hakina ubaridi.

"Mama! Umemwaga maji?"

Alichosikia ni mama yake kucheka.

Mifuko ikamlegea mkononi. Bi Khamisa hakuwa amecheka tangu kufiwa na mumewe. Eda yake, miezi minne na siku kumi, aliikaa kwao Samail akiukodolea macho ukuta, na alipotoka edani bado akaukodolea ule ule. Ghalia, mwanawe wa pekee, mwenye duka la dawa na hasira za karibu, akaapa kumwondoa mbele ya ukuta huo. Akaikodi kwa simu nyumba hii ya udongo, siku nne, katikati ya shamba la mitende, kwa sababu picha zilionyesha mfereji wa falaji ukipita chini ya dirisha na maandishi yakasema hapa pana utulivu usiopatikana mjini. Leo ilikuwa siku ya tatu. Alikwenda mjini Ibra mara moja tu kununua samaki, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi.

Akaingia sebuleni. Bi Khamisa amekaa chini kwenye zulia, dele la kahawa mkono wa kushoto, sahani ya tende mbele yake. Mkabala naye mto wa kuegemea, na mbele ya mto kikombe. Hapana mtu.

"Njoo usalimie, mwanangu. Tuna mgeni."

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyu hapa, huoni? Mtu wa kwetu. Kabisha hodi ya Unguja hasa! 'Hodi hodi, wenyewe mpo?' Nikamwambia karibu, pita ndani."

Watu wa Al Qabil nao wana hodi yao. Husema "hud" na kungoja waitikiwe. Lakini Kiswahili kijijini hapo hakuna anayekijua. Na Bi Khamisa kalelewa Vuga, Unguja, katika nyumba ambayo anayebisha huitikiwa karibu kabla hajaonekana, uwe jikoni, uwe ghorofani. Kumhoji mtu wewe nani ilhali yuko mlangoni, kwao ni ukosefu wa malezi.

Ghalia akakitazama kikombe. Kahawa ilikuwamo, na ilikuwa inashuka. Ilishuka kidogo, ikatulia, ikashuka tena, kama inavyoshuka kwa mtu anayekunywa kwa raha zake. Ilipofika chini Bi Khamisa akainama, akamimina.

Ghalia akafunua dele. Ndani kukavu, hata unyevu hamna.

"Mama, dele tupu."

"Usinitie aibu! Mgeni hajatikisa kikombe, nitaachaje kummiminia?"

Ada hiyo Bi Khamisa aliikuta Oman: mgeni akishatosheka hukitikisa kikombe kushoto na kulia, na asipotikisa, mwenyeji haachi kumimina. Akaishika kuliko waliozaliwa nayo. Akamimina tena, na kahawa ikatoka kwenye dele lile tupu, nyeusi, inafuka mvuke. Hapo Ghalia akauona mkono wa mama yake. Asubuhi aliupaka mafuta mwenyewe, ulikuwa mkono wa mtu. Sasa ngozi imeng'ang'ania mifupa, midomo imepasuka, mashavu yameingia ndani. Akaelewa kinachonywewa si kahawa.

"Toka!" akapiga kelele kuelekea mto. "Toka nyumbani kwangu, mbwa we, mlaanifu, usiyejua haya!"

Akamshika mama yake kwapani amwinue, na mwanamke yule ambaye jana Ghalia alimbeba kumvusha mfereji akawa mzito kama amepandwa pale, na vidole vyake havikubanduka kwenye dele, na kadiri Ghalia alivyovuta ndivyo kahawa ilivyozidi kushuka kikombeni, sasa si kwa raha tena, kwa mafunda, funda baada ya funda, na kila funda shingo ya Bi Khamisa ikakauka mbele ya macho ya mwanawe, na harufu ya mvua ikamjaa Ghalia puani na kooni mpaka akatoka nje mbio miguu mitupu.

Humaid, mwenye nyumba, alikuwa juu ya mtende anafunga vishada vya tende. Alipomwona tu akashuka.

"Ameitika?" akauliza kwa Kiarabu, sauti chini. Hakuuliza nani wala nini.

"Kwa hiyo unajua!"

"Dada yangu, huja mchana wa jua kali. Huita kwa lugha ya mwenye kuitwa. Sisi hatuitiki mpaka tumwone anayeita."

"Umeandika jiko, umeandika maegesho, umeandika na idadi ya mito! Hili umeshindwa kuliandika?"

Humaid akatazama chini. "Ningeliandika, nani angekuja?"

Ghalia angempiga kofi, wallahi, lakini adhana ya alasiri ikaadhiniwa, na kupitia dirishani akamwona mama yake, ambaye hajawahi kuichelewesha sala hata akiwa na homa, ameinama, anamimina.

"Mlete mtu," akasema. "Sasa hivi. Anakufa."

Aliyeletwa alikuja akiendesha pikapu mwenyewe, nyuma imejaa majani ya mbuzi. Bi Rumaitha, shangazi yake Humaid, barakoa ya Kiomani usoni, funguo kiunoni. Kwa miaka arubaini alifundisha watoto Kurani, na watu wakishikwa na mambo haya huitwa yeye. Akachungulia sebuleni, asivuke kizingiti.

"Umemtukana?" akamnong'oneza Ghalia.

"Nimemtukana."

"Umemwitaje?"

"Mbwa."

"Astaghfirullah! Mgeni aliyekaribishwa, amekaa, amepewa kahawa?"

"Anamnywa mama yangu, Bibi!"

"Anakunywa anachomiminiwa. Kaingia kwa neno, hatoki kwa matusi. Nikimsomea kwa ukali ataondoka na mama yako." Akamshika mkono. "Mwenyeji ndiye humtoa mgeni, na mimi hapa si mwenyeji. Una udi?"

"Ninao."

"Udi mzuri, si vumbi la dukani. Mgeni akifukizwa anajua muda wa kuondoka umefika, haambiwi. Na hawa wanayajua hayo kuliko nyinyi watu wa mjini. Ingia, muombe radhi, mfukize. Na hiyo hasira yako iache kwangu hapa, nitakushikia."

Ghalia akatia makaa kwenye chetezo, akatia udi. Vijiti viwili vya udi vikaanguka. Nyuma yake Bi Rumaitha akaanza Ayatul Kursiyyu, polepole, kama anayembembeleza mtoto alale.

Akapiga magoti mbele ya mto. Alitaka kulia, alitaka kukitupa chetezo kile kwenye uso asiouona.

"Shikamoo," akasema.

Maji ya falaji chini ya dirisha yakanyamaza. Hayakupungua, yalipita, yanaonekana yanapita, na sauti hayana.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilitoka karibu na sikio lake, si ya mzee wala ya kijana, kama mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi. Ghalia akahisi mkojo unamtoka. Hakusogea.

"Nimekukosea," akasema. "Nimekutukana ilhali uko kwetu, nami sikulelewa hivyo. Nisamehe. Umekula tende zetu, umekunywa kahawa yetu, umetupa heshima. Jua linateremka, tusingependa safari yako iwe ya kiza."

Akanyoosha chetezo. Moshi haukupanda. Ukaenda mbele, mlalo, ukafika kwenye mto na kuanza kuzunguka kitu, na kadiri ulivyozunguka ndivyo kitu kile kilivyopata umbo, magoti yaliyokunjwa kwa adabu, mabega membamba, kisha shingo, na shingo ikaendelea kwenda juu pale ambapo shingo ya mtu huishia, ikaenda mpaka karibu na dari, kisha ikajipinda, ikashuka taratibu, ikaleta kichwa juu ya chetezo kama mwanamume anayefukiza ndevu zake, na Ghalia akakishikilia chetezo palepale, uso kwa uso na moshi, huku mkono unaungua kwa joto la makaa.

Kikombe kikainuka. Kikatikiswa kushoto, kulia, kushoto.

Dele likaanguka kutoka mkononi mwa Bi Khamisa. Harufu ya mvua ikampita Ghalia begani, ikaelekea mlangoni, ikasimama kidogo hapo. Yeye tayari amemkumbatia mama yake, anamnywesha maji kwa kijiko. Aliiona midomo ya mama yake ikicheza huku macho yanatazama mlangoni, akadhani anapiga shahada. Kisha falaji ikaanza tena kusema.

Bi Khamisa alikunywa glasi tisa. Mashavu yalirudi, si yote.

"Ondokeni kabla ya magharibi," Bi Rumaitha akasema. Akamgeukia Humaid. "Na wewe andika ukweli kwenye simu yako leo hii, la sivyo nitausema mwenyewe msikitini."

Wakaondoka. Ibra ikabaki nyuma, milima ikaanza kuwa myekundu. Mkono wa Ghalia umefungwa kitambaa, anaendesha kwa mmoja. Mama yake kajifunika mtandio, katulia, hata kauvuta wimbo puani.

"Leo siku gani, Ghalia?"

"Jumatatu."

"Basi Alhamisi si mbali. Nguo yangu ya hariri imepigwa pasi?"

"Alhamisi kuna nini, Mama?"

"Nimealikwa. Yule mgeni alipokuwa anatoka kanambia nami nifike kwao. Atanifuata mwenyewe. Nikamwambia nitakuja. Ningemjibu nini? Mtu anakualika kasimama mlangoni, utamkatalia?"

Ghalia akatoa gari nje ya barabara, vumbi likawafunika. Akampigia simu Humaid, akaomba apewe shangazi yake, akamweleza kila neno.

"Muulize," Bi Rumaitha akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayembembeleza mtoto. "Muulize alipomwambia nitakuja, alisema inshallah? Bila inshallah neno lake limeshamfunga."

Ghalia akamgeukia mama yake. "Mama, ulisema inshallah?"

Bi Khamisa akafikiri. Akaupeleka mkono midomoni, polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Lo," akasema. "Nimesahau."