Wapangaji wa Tumboni

Asubuhi kwetu huanza kwa kelele. Kabla ya chai, kabla ya mtu kunawa uso, nguruwe wanadai chakula chao, na hawajui kubembeleza. Mkwe wangu ndiye wa kwanza kutoka. Huvaa viatu vya mpira, huchota ndoo ya pumba na mashudu, huingia bandani. Mumewe, mwanangu, ni fundi baiskeli. Yeye hutoka na spana zake. Mimi hubaki na chai na mdomo wangu.

Tulikuwa na majike wawili, kila mmoja na chumba chake. Mmoja mweupe, mrefu kama benchi. Tulimwita Bibi Harusi. Wa pili mweusi, mfupi, tumbo karibu na ardhi. Huyo ni Masizi. Mkwe wangu alimlea Masizi kwa chupa tangu akiwa wa kubebwa mkononi. Wote wawili walipandwa na dume mmoja wa jirani, mweusi pia. Walikula pumba za gunia moja na kunywa maji ya pipa moja.

Lakini kila watoto walipoachishwa kunyonya, wa Bibi Harusi walihara. Walikonda, wengine wakafa. Wa Masizi walikuwa wakikimbizana tu.

Jioni moja mwanangu alisimama mlangoni mwa banda. Watoto wawili weupe walikuwa wamelala kwenye nyasi, wamekufa.

"Ni mikono yako hiyo," akamwambia mkewe. "Unashika uchafu, halafu unashika chakula."

"Mikono hii hii ndiyo inayowalisha weusi. Mbona hao hawafi?"

"Basi unawapendelea."

"Nipendelee nguruwe, baba watoto? Si ningeanza na wewe?"

Nilicheka. Mwanangu hakucheka.

"Nimeshaongea na muuza nyama," akasema. "Masizi akizaa tena na kulea, anaondoka. Chumba chake naweka mweupe mwingine. Weupe wanakua haraka."

"Masizi wangu?"

"Ukishindwa kuwatunza weupe, nitatafuta anayeweza."

Maneno hayo yalimchoma. Usiku hakula vizuri. Kesho yake akafanya kama wafanyavyo wengi. Alinunua dawa dukani, antibiotiki ya unga, akaitia kwenye maji ya wote, wagonjwa na wazima. Weupe hawakupata nafuu. Na watoto wa Masizi, ambao hawakuwahi kuhara, nao wakaanza kutoa kinyesi laini.

Hapo tukamwita daktari wa mifugo. Ni mwanamke mnene mwenye buti kubwa. Watu humwita Mama Buti, naye huitika. Alinawa, akachuchumaa, akayatazama mavi kwa makini kama mtu anayetazama picha za harusi.

"Nani amewapa dawa hawa wazima?"

"Mimi," mkwe wangu akasema. "Nilitaka kuwakinga."

Mama Buti akanigeukia. "Bibi, nasikia wewe kwa vitendawili hushindwi. Kitendawili."

"Tega," nikasema, nikijiweka vizuri kwenye kigoda.

"Nyumba yangu haina dirisha. Wapangaji wamejaa, na sijamwona hata mmoja."

Nikasema kaburi. Nikasema mzinga wa nyuki. Nikasema mfuko wa mwanangu.

"Nipe mji."

Nikampa mji mkubwa, wenye maji ya bomba.

"Jibu ni tumbo," akasema. "Ndani ya utumbo wanaishi bakteria. Ni wadogo sana, jicho haliwaoni. Wengi ni wapangaji wema. Wanasaidia kusaga chakula. Wanajaza nafasi, mbaya akija hapati pa kukaa. Sasa hiyo antibiotiki haichagui. Inafukuza wabaya na wema pamoja. Dawa hiyo ni ya mgonjwa aliyepimwa, kwa kipimo cha daktari. Mzima usimpe."

"Na hawa weupe?" mwanangu akauliza. "Mbona wapangaji wao ni wabaya tu?"

"Nguruwe ndiye mwenye nyumba. Na nyumba hiyo ameirithi kwa mama na baba. Utumbo wa mwingine una mahali ambapo bakteria wa kuhara hushika. Wa mwingine hauna, bakteria anateleza, anatoka na mavi. Ni urithi, kama wewe ulivyorithi masikio ya mama yako."

Mwanangu akajishika sikio.

"Kwa hiyo ni rangi?"

"Si rangi. Wapo weupe wagumu, wapo weusi dhaifu. Ni ukoo. Tena urithi ni sehemu tu. Baridi, uchafu, chakula kinachobadilika ghafla, vyote vinampa mbaya nafasi. Ninyi mnawaachisha vipi?"

"Leo ananyonya, kesho anakula pumba," mkwe wangu akasema.

"Hapo ndipo mnapokosea. Anza kumpa chakula kidogo kwenye sahani pana angali ananyonya. Tumbo lizoee. Chumba kiwe kikavu na chenye joto. Anayehara mpe maji yenye chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini, kisha niite."

"Na mikono?" mkwe akauliza polepole.

"Mikono ioshwe, na buti pia. Lakini mikono ile ile inalisha vyumba vyote viwili. Peke yake haiwezi kuleta tofauti hii."

Mwanangu akatikisa kichwa. "Mimi ni fundi. Nikiambiwa breki ni mbovu, nataka niione."

Aliiona. Majike walizaa tena, karibu wakati mmoja. Bibi Harusi alipata watoto wengi kuliko chuchu zake. Walipokwisha kunywa maziwa yake ya kwanza, mkwe wangu aliwahamishia wanne kwa Masizi. Masizi akawanusa, akaguna, akajilaza. Wakanyonya pamoja na weusi.

Safari hii watoto wote walizoeshwa chakula taratibu. Walipoachishwa kabisa, weupe wawili kati ya wale wanne walihara. Weusi waliolala nao ubavu kwa ubavu hawakuhara. Wale wawili walipewa maji yenye chumvi zile, Mama Buti akaja kuwaona, na hakuna aliyekufa. Hata upande wa Bibi Harusi hakufa hata mmoja.

Mwanangu alichuchumaa pale muda mrefu.

"Ziwa moja," akasema. "Sahani moja. Mikono ile ile."

"Breki umeiona?" nikamuuliza.

Akawahesabu tena weusi, mmoja mmoja.

"Hawa ni wachache, hawatoshi kuthibitisha jambo," Mama Buti akatuambia. "Ila sasa mnajua pa kutazama. Jike wa kubakiza mchagueni kwenye uzao usiougua, anayekua vizuri. Na dume vilevile. Ulizeni kwanza watoto wake wanaendeleaje."

Muuza nyama alikuja na kamba yake begani. Mwanangu alikuwa uani ananyoosha rimu ya baiskeli. Hakuinuka.

"Nimekuja kumchukua mweusi," muuza nyama akasema.

"Muulize mwenye mikono," mwanangu akajibu, akaonyesha bandani.

Mkwe wangu akatoka na ndoo. "Huyo hauzwi. Na binti yake yule mnene anabaki pia."

Muuza nyama akamtazama mwanangu. Mwanangu akaitazama rimu. Basi akazungusha kamba yake, akaaga, akaenda.

Ndipo mwanangu akaja, akashika mpini wa ndoo.

"Lete. Leo nalisha mimi."

Mkwe wangu hakuiachia.

"Osha mikono kwanza," akamwambia.

Akaenda kuiosha, kwa sabuni.