Vidole vya Baridi

Soko la samaki la Kalemie lilikuwa limefurika pale Mwanvua, kitenge cha zambarau kimembana kiunoni, alipoanguka mahali pakavu, pasipo hata kijiwe. Yassine, fundi umeme, alimdaka kabla kichwa hakijagonga saruji.

"Nani amenishika muguu?"

"Hakuna muntu, mama. Niko miye tu, na nimeshika mukono."

"Basi, uuachie. Unaukamua sawa ndimu."

Mwanvua alicheka, lakini macho yake yalibaki chini, yakitafuta vidole.

Mapenzi yakawaka kati yao. Kwenye simu Mwanvua alimweleza Yassine kuwa daktari ameuita ugonjwa wake sklerozi: mishipa ya fahamu huchunika kama waya uliovuliwa ganda, na miguu husikia mikono isiyokuwepo. Yassine akasema ameelewa.

Hadi jioni moja umeme ulipokatika, Yassine akachungulia dirishani kwa Mwanvua. Alimwona akitembea gizani taratibu, akipapasa kiti cha marehemu baba yake, kisha meza, kisha kabati. "Asante, papa," alinong'ona. Kiti kililia kama kuna mtu mzito anayeinuka. Vinyweleo vikamsimama Yassine.

"Marehemu anamuvuta," shangazi yake Yassine alimwambia. "Kiti cha mufu hakilale ndani kisha ya arobaini."

Kesho yake Mwanvua alimwachia ufunguo atengeneze swichi. Yassine akatoa kila kitu nje uani, kuanzia kile kiti. Jioni simu ikalia. Pumzi tu, kutoka sakafuni.

"Yassine. Nyumba yangu iko wapi?"

Alimkuta katikati ya sebule tupu, paji la uso limechanika, mkono ungali unapapasa hewa.

"Vile vitu njo fimbo yangu," alisema. "Papa alivipanga mbele ya kufa, mukono utoke huku ufike kule, nisianguke. Nisimushukuru? Toka."

Wiki nzima Mwanvua hakupokea simu zake. Siku alipofungua mlango, alitoa amri tu: "Kushoto. Tena kidogo." Yassine alirudisha kila kitu, kisha akafumba macho akatembea kama yeye. Baada ya kabati, mkono wake ukakuta utupu, na sakafu ikawa kama imeondoka.

"Hapa unapitaje?"

"Hapo nasali."

"Nitapigilia mbao ya kushikilia, ukuta muzima."

"Mwanaume asiyenioa hapigilie misumari kwangu."

Yassine hakufumbua macho.

"Posa naipeleka kwa nani?"