Wavu Uliopandishwa Mwisho

Gaudensi Sikazwe na mdogo wake Leonsi walitoka Kate, juu kwenye uwanda wa Ufipa, wakashukia Kipili, ufukweni mwa ziwa, kuvua samaki. Mama yao, Edith Nachalwe, aliwaruhusu kwa sharti moja tu: Jumapili wasiguse nyavu kabla ya misa. Sharti hilo walilitunza. Jumamosi jioni walilaza nyavu zao za kutega pamoja na wavuvi wenzao, lakini kesho yake, wakati mitumbwi mingine ikirudi na samaki, wao walikuwa kanisani, mashati yamepigwa pasi, Leonsi akiimba sauti ya nne. Nyavu zao zililala majini hadi jua limepanda.

"Mapadri wa ulezi hao wanateremka," jirani yao wa mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, Wiliam Christopha, alizoea kusema akiwaona wanatoka misani, akiwatania kwa ulezi wa kwao Ufipa. Yeye pia alikuwa Mkristo, ila alipandisha nyavu kwanza, kisha ndipo akaenda kusali. "Samaki wenu wamekwisha kusikia mahubiri huko chini. Wanangoja sadaka tu."

"Ukiona wamejaa, ujue wametubu," Leonsi alijibu, na watu wakacheka.

Gaudensi hakucheka. Alikuwa mtu wa kuweka maneno moyoni.

Jumapili moja ya kiangazi, ziwa limetulia kama maji ya beseni, ndugu hao wawili walipandisha wavu wao wakauona mwepesi. Samaki, migebuka wa ziwa lile, walikuwamo. Walikuwa wamening'inia machoni mwa wavu, magamba yakimeta, macho yangali safi. Leonsi akamshika mmoja tumboni ili amnasue. Vidole vyake vikakutana. Ndani ya ngozi ile hamkuwa na nyama wala mfupa.

Waliwanasua wote. Wote walikuwa hivyo hivyo, mifuko ya ngozi yenye vichwa. Katika wa mwisho kulikuwa na kitu kimejikunja kama utumbo, chekundu, chenye nywele nyeupe pande zote mbili. Leonsi alikitoa kwa kidole, akapiga kelele. Nywele zile zilikuwa zimemwingia, na mkono ukamwaka kama aliyeshika upupu.

Mwaloni watu walizunguka ndoo kukitazama. Hakuna aliyekijua, isipokuwa Kija, mwanamke mnunuzi wa samaki aliyewahi kuishi Kilwa na mume wake wa kwanza.

"Huyu ni mnyoo wa baharini," alisema polepole. "Kule wavuvi wadogo wanamlaani. Hupanda kwenye wavu uliolala sana, akamla samaki hata kabla hajafa. Mtu anarudi nyumbani na ngozi." Aliinama, akanusa ndoo. "Lakini huyu ni wa maji ya chumvi, kaka zangu. Katika maji baridi hakai hata saa moja."

Mnyoo yule alikuwa akizunguka ndani ya ndoo ya maji ya ziwa, na alikuwa akinenepa.

Wiki ile walipandisha nyavu alfajiri kila siku, na bado waliambulia nusu ngozi, nusu samaki. Jumapili iliyofuata hawakupata hata mmoja mzima. Wavu wa Wiliam, uliolala jirani na wa kwao kiasi kwamba maboya yaligusana, ulitoka safi. Gaudensi aliyatazama maboya yale. Alianza kukosa usingizi.

"Tumuulize Wiliam anafanyaje," Leonsi alisema.

"Unamuuliza mchawi anavyoroga?"

"Kaka, huyo mtu alinipa mafuta ya kupaka mkono."

"Ndiyo. Na mkono haujapona."

Ilikuwa kweli. Mkono wa Leonsi ulikuwa bado umevimba. Yeye mwenyewe aliufanyia mzaha, akisema umekuwa kasia, sasa anaweza kupiga kasia moja na kusalimia watu kwa lingine. Lakini walikuwa wakila ugali kwa majani, na neno la kurudi Kate mikono mitupu lilikuwa limekwisha kutajwa. Gaudensi aliapa moyoni kwamba kama kuna mtu wa kuondoka mwaloni pale, si wao.

Alimwambia mdogo wake anakwenda Sumbawanga kununua uzi wa nyavu. Sumbawanga alipita tu. Alikwenda hadi Mwazye, kwa bikizee mmoja mganga aitwaye Justa, ambaye nyumba yake ilitazama shamba la mahindi lililovunwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta harufu ya samaki mtupu," alisema Justa, bado hajamtazama.

Gaudensi alieleza. Bibi alisikiliza huku akipeta ulezi. Alipomaliza, bibi alisema kwa sauti ndogo:

"Siwezi kuwafukuza. Ninaweza kuwaonyesha chakula kingine. Jumapili hii, kwenye wavu utakaopandishwa mwisho mwaloni kwenu, wataacha samaki. Watamla mwenye mkono unaouvuta."

"Wa mwisho ni sisi siku zote."

"Basi wewe usiwe wa mwisho."

Gaudensi aliingiza mkono mfukoni. Justa akatikisa kichwa.

"Sitaki kitu. Una ndugu?"

"Ninaye mmoja."

"Vizuri," alisema bibi, akaendelea kupeta.

Gaudensi hakuuliza kwa nini ni vizuri.

Jumapili ikafika. Kabla hakujapambazuka, Leonsi amelala akikoroma, Gaudensi alisukuma mtumbwi peke yake. Alipandisha wavu. Ulikuwa mzito. Migebuka wazima, wanene, wakipiga mikia miguuni mwake. Alilia kwa furaha, naye hakuwa mtu wa kulia.

Ndipo akamwona Wiliam kwa mbali akija kupandisha wa kwake. Aibu ikamshika. Wiliam angekuta maboya ya akina Sikazwe hayapo, habari ingefika kanisani kabla ya kengele na Kate kabla ya jioni: watoto wa Edith wamevua Jumapili. Kwa hiyo Gaudensi alifanya jambo ambalo asiyelelewa na Edith Nachalwe asingelifanya. Aliulaza tena ule wavu palepale, mtupu, maboya yakiwa yamepangwa kama kawaida. Alijiambia ataupandisha kesho, siku ikiwa imekwisha kupita; Leonsi angemtafutia kisingizio baada ya misa. Akawaficha samaki ndani ya magunia kwenye kibanda cha kukaushia, akanawa, akavaa shati lake, akaenda kusali.

Leonsi aliimba vizuri siku ile. Watu wanaikumbuka sauti yake hadi leo.

Baada ya misa Gaudensi alichepuka kwenda kibandani kuwatazama samaki wake. Alipotoka na kushuka ufukweni, alimkuta Wiliam ameketi akishona wavu wake uliokwisha kukauka.

"Mdogo wako kachoka kukungoja," Wiliam alisema. "Kaenda mwenyewe, na mkono wake mmoja. Mtu na kaka yake tajiri."

Mtumbwi ulikuwa umefika kwenye maboya. Leonsi alikuwa bado na shati jeupe la kanisani. Alikaa, akashika kamba.

Sauti ingemfikia. Ziwa lilikuwa kimya, hata kikohozi kingemfikia.

Gaudensi alifungua kinywa. Wiliam akainua uso, akamtazama. Nyuma ya Wiliam wanawake walikuwa wakipita kutoka kanisani. Akisema rudi, watauliza kwa nini. Akisema kwa nini, atasema yote. Magunia. Mwazye. Nani alikusudiwa kufa.

Alifunga kinywa. Ilikuwa kwa muda wa Baba Yetu moja, si zaidi.

Leonsi alivuta kamba. Akavuta tena. Akainama juu ya maji kana kwamba ameitwa.

Hakuinuka.

"Anafanya nini yule?" Wiliam alinong'ona.

Ndipo Gaudensi akapiga kelele. Aliliita jina la mdogo wake hadi sauti ikakauka. Shati jeupe halikusogea.

Walikwenda wote wawili kwa mtumbwi wa Wiliam. Leonsi alikuwa ameegemea ukingo, mikono majini, kamba ingali viganjani. Vifungo vyote vya shati vilikuwa vimefungwa. Kamba za viatu vilevile. Uso ulikuwa wake, macho safi. Wiliam alimshika kwapani ili amlaze.

Vidole vyake vikakutana.

Wiliam alitapika ziwani. Gaudensi alivuta wavu, kwa sababu hakujua la kufanya. Katika wavu ule alioulaza mtupu alfajiri kulikuwa na migebuka tele, wote hai, wote wazima. Hakuna hata mmoja aliyeng'atwa.

Leonsi alizikwa Kate. Vijana wanne walibeba jeneza, lakini wawili wangetosha, na walijua, wakaona haya kutazamana. Mama alimshika Gaudensi mkono kaburini, akamshukuru kwa kumleta mwanawe nyumbani.

Hakurudi Kipili. Alibaki kulima mahindi. Mvua zilipokwisha, ng'ombe wa majirani walianza kuja kwenye kaburi la Leonsi. Kila asubuhi walikutwa pale, wamepiga magoti ya mbele, wakilamba udongo. Gaudensi aliwafukuza kwa fimbo. Wakarudi. Udongo ulikuwa umeota ukungu mweupe juu yake, mgumu, unaometa juani, mahali ambapo tangu mababu hakujawahi kutoka chumvi.

Edith Nachalwe aliuonja kwa ncha ya kidole. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

"Hata huko aliko anatukumbuka," alisema.

Alichota udongo ule kwenye kibuyu kilichotobolewa, akaumwagia maji, akayachuja, akayachemsha hadi yakakauka, kama bibi zake walivyofanya zamani kwa udongo wa kwingine. Jioni alisonga ugali, akapika maharage, akatia chumvi ile kwa vidole vitatu. Akamwekea mwanawe sahani mbele yake, akaketi kumtazama.

"Kula, baba. Huyu ni mdogo wako anakulisha."

Gaudensi alinawa mikono. Alimega tonge. Akachovya.

Chumvi ilikuwa imekolea.