Harufu ya Limau Mzingani

"Chukua pete yako!"

Mjukuu wangu aliitupa kwenye maranda ya mbao karakanani. Seremala, mchumba wake, akapiga magoti kuitafuta.

"Kosa langu nini, mpenzi?"

"Mizinga yangu minne imekombwa asali yote. Nimeifungua, inanuka limau tupu. Nani hapa ananuka limau kila siku?"

Ni kweli, kijana yule husugua mikono kwa limau kutoa gundi ya mbao.

"Asali yako niifanyie nini? Mizinga yenyewe nimeichonga mimi!"

"Ndiyo maana unajua kuifungua. Hutaki nimalize utafiti, unaogopa nitaondoka. Usinipigie simu!"

Mjukuu wangu husomea nyuki wadogo wasiouma. Miaka miwili alikuwa anawatafuta nyuki wanyang'anyi, wasiogusa ua hata moja, wao ni kuvamia mizinga ya wenzao tu. Alitaka kujua ni aina gani za nyuki zinawahimili na zipi zinaangamia. Alikuwa nao wawili, wakavu, ndani ya kichupa.

Jioni ujumbe ukaingia. Akausoma kwa sauti:

"Pete nimeipata, naitunza. Asali yako sijaigusa."

Chakula hakukigusa.

Asubuhi nikachukua kigoda changu, nikakaa mbele ya mzinga wa tano, uliobaki na asali. Mimi sina haraka na kitu. Saa nne wakaja nyuki weusi, wanang'aa, kundi zito kama moshi. Miguuni hawana hata chembe ya vumbi la maua. Nyuki wenye mzinga wakatawanyika ovyo. Mara harufu ikanipiga puani. Nikampigia simu mjukuu wangu.

"Njoo mbio. Limau linanuka huku."

"Amerudi tena huyo mwizi?"

"Mwizi gani? Namsikia anagonga misumari karakanani tangu alfajiri. Njoo unuse mwenyewe!"

Alikuja bila viatu. Akainama, akanusa, akakaa chini puu.

"Bibi, ni wao! Ni wao kabisa!"

"Si ulikuwa nao kwenye kichupa?"

"Lakini wale hawanuki!"

"Maiti mkavu wa miaka miwili atanuka nini, mama? Na vitabu vyako?"

"Vinataja wanaonuka limau wa nchi za mbali tu. Hawa wa kwetu hakuna aliyewaandika."

Akawa anacheka, analia, anahesabu. Mmoja akampaka doa la rangi nyeupe mgongoni, tukawafuata taratibu. Wakatufikisha karakanani, wakaingia kwenye gogo nene nyuma ya mlango. Lile gogo Seremala alikuwa amelitunza kwa kitanda cha harusi.

"Kumbe wezi nawafuga mimi mwenyewe!" akasema Seremala. "Nilipasue?"

"Ukiligusa tutagombana tena."

"Kwani tumeshapatana?"

Mjukuu wangu akainamisha kichwa.

"Nilikuonea. Nisamehe, Bibi akisikia."

Mjanja yule akajitia kunusa viganja vyake kwanza, akamwacha asubiri. Kisha akaitoa pete mfukoni mwa shati.

Baada ya miezi mitatu mkuu wa kazi wa mjukuu wangu alipiga simu, sauti ikajaa nyumba nzima:

"Wa kwanza kuwaandika ni wewe! Nimewasomea wanasayansi utafiti wako, ukumbi mzima umesimama, unasikia makofi?"

Tuliyasikia. Nikajibu kwa vigelegele.

Kitanda kilichongwa kwa mbao nyingine. Siku ya harusi bwana harusi akaja amejipaka manukato ya waridi. Bibi harusi akamnusa shingoni, akakunja uso mbele ya watu wote.

"Limau langu liko wapi?"