Kinyonyahisia na Uchungu wa Shani

Kinyonyahisia kilinguruma taratibu, na taji lake la nyaya laini likawaka rangi ya samawati kichwani mwa Shani. Mashine hiyo haikunasa sura wala sauti. Ilinyonya hisia yenyewe kutoka katika ubongo wa mwigizaji na kuihifadhi ndani ya filamu, ili kila mtazamaji aione moyoni kana kwamba ni yake.

Kwa miaka mingi Shani alikuwa akipewa nafasi za kupita tu: muuguzi, shangazi wa bibi harusi, maiti. Sasa alikuwa amepewa nafasi ya mama anayemzika mwanawe, nafasi iliyotamaniwa na kila mwigizaji wa Tanga.

"Dada Shani, nakueleza tena," alisema mhandisi Lukindo. "Hisia ikishatoka, mahali pake hufungwa. Wengine hutoa hasira za utotoni, wakaondoka wepesi. Wewe unatoa ipi?"

"Uchungu wa mwanangu Jabali, aliyefariki kwa homa."

"Una hakika?"

"Kaka, nani asiyetaka kuutua mzigo kama huu? Bonyeza, kabla wanja wangu haujachuruzika."

Lukindo akabonyeza. Shani alilia kilio kilichowafanya hata mafundi wa taa wageukie ukutani. Filamu ilipotoka, nchi nzima ilimlilia mtoto isiyemjua, na Shani akapewa tuzo kubwa kuliko zote.

Shaabani ilipokaribia kwisha, alikwenda makaburini na mama yake, Bi Mwanahamisi, kama walivyofanya kila mwaka kabla ya Ramadhani. Waling'oa magugu, wakanyunyiza marashi. Shani alimaliza haraka, akajikung'uta mikono.

"Mbona hujamsalimia mwanao?" aliuliza mama.

"Nimemsalimia, mama."

"Umemsalimia kama karani wa posta."

Shani alilitazama kaburi. Alikumbuka kila kitu: meno ya mbele yaliyoachana, harufu ya mafuta ya nazi utosini. Lakini alikumbuka kama mtu aliyekariri somo kwa ajili ya mtihani. Alikuwa amedhani kwamba uchungu na upendo ni vitu viwili. Mashine haikuona tofauti. Ilivichukua vyote pamoja.

Alimpigia Lukindo simu palepale.

"Nirudishie. Uchungu umeondoka na upendo wangu."

"Dada, hisia ile haipo kwangu tena. Ipo kwa watazamaji."

"Nimeitazama, Kaka. Ukumbi mzima ulilia isipokuwa mimi."

"Nilikuwa sijui kwamba vinashikana hivyo," alisema Lukindo. "Nisamehe."

Shani akakata simu, akaketi chini kwenye mchanga.

"Mama, nisimulie alivyokuwa."

Bi Mwanahamisi alianza, sauti ikimtetemeka, kueleza jinsi Jabali alivyokataa kulala mpaka ashike sikio la Shani. Shani alimsikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa kila panapostahili, kama mwigizaji hodari.